Mkasi wa Protasi

Nikisema "Mkasi!" nyinyi mjibu "Ukate!" Mkasi! Haya, tulieni sasa, na wewe wa nyuma acha kumsukuma mwenzio. Hadithi hii ina watu wachache na kelele nyingi, na mwisho wake nitawaachia nyinyi, kwa sababu mimi umenishinda.

Palikuwa na nyumba moja katika kijiji cha Isovelo, kule juu kwenye baridi, ambako viazi ni chakula na ndivyo mboga vilevile. Katika nyumba hiyo aliishi Deodata, mfumaji wa masweta ya shule. Deodata alikuwa na mimba, na alikuwa na virusi vya UKIMWI. Mumewe aliyajua yote mawili tangu mwanzo, mama mkwe aliyajua, na kliniki waliyajua. Yeye alitaka kitu kimoja tu, mtoto azaliwe bila virusi. Hakuomba maoni ya mtu. Lakini alizungukwa na watu watatu wenye vipaji, na mtu aliyezungukwa na wenye vipaji hana raha duniani.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, Bibi Eusebia, na kipaji chake kilikuwa macho. Ugonjwa wa viazi aliuona shambani kabla viazi vyenyewe havijajua kwamba vinaumwa. Ukilia chooni, ukanawa uso, ukatoka unatabasamu, yeye alikuuliza umelilia nini. Na alichokiona hakukaa nacho, alikitangaza.

Wa pili alikuwa Nesi Twilumba wa zahanati, na kipaji chake kilikuwa maswali. Ungempelekea kidonda cha mguu, angekuuliza viatu umenunua wapi, nani alivivaa kabla yako, na kwa nini mkeo hakuja. Watu walimwita Polisi akiwapa kisogo. Alikuwa na kasoro moja: siku ya kliniki, foleni ikifika nje, maswali yote yalimkauka.

Wa tatu alikuwa Kastori, mume wa Deodata, fundi mwashi, na kipaji chake kilikuwa mikono. Maneno hakuyaweza. Mlango ukilia, aliutengeneza. Mke akilia, alitoka kwenda kumtafutia kitu, akarudi nacho, akakiweka mezani bila kusema neno, kisha akasimama pale kama anayesubiri kulipwa.

Sasa, Deodata alikuwa ameanza dawa tangu usichana, kisha akaziacha kwa muda, halafu akazirudia. Kipindi hicho cha kuacha ndicho kilichomponza. Virusi vilizizoea dawa zile, vikawa sugu, na akaambiwa kwamba sasa anahamia dawa za mstari wa pili. Yeye akainuka, akaenda kusimama kwenye mstari wa pili, ule wa akina mama wanaopima uzito wa watoto, akasimama pale mpaka miguu ikavimba. Alipoeleweshwa, kila mtu alicheka isipokuwa yeye.

Siku ya kupewa dawa mpya, Bibi Eusebia alikuwepo. Hakualikwa, alijialika. Nesi Twilumba akaeleza.

"Kirusi kikiingia kwenye chembe ya damu, kinatengeneza protini zake zote zikiwa zimeungana, kipande kimoja kirefu. Hazifai kitu mpaka zikatwe. Kwa hiyo kina mkasi wake. Mkasi huo unaitwa protizi."

"Protasi?" akauliza Bibi Eusebia.

"Protizi, mama. Ni kimeng'enya."

"Nimesikia. Protasi." Bibi alikunja uso. Marehemu shemeji yake aliitwa Protasi, na maisha yake yote alikuwa mtu wa kumega mashamba ya wenzake. "Na huyo Protasi anafanya nini na mkasi ndani ya mkwe wangu?"

Deodata alifumba macho akaomba ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, akajibu mwenyewe. "Mama, ni kama masweta. Mashine ikinitolea vipande vyote vimeungana, havivaliki. Mpaka nikate, ndipo nishone."

"Hapo hapo," alisema Nesi Twilumba. "Dawa hii inakwenda kukwama kwenye meno ya mkasi. Mkasi haukati, na virusi vinatoka vibichi, haviwezi kuambukiza chembe nyingine. Lakini dawa ijae mwilini kila siku. Ikipungua, kirusi kinapata nafasi ya kujinakili, na kikijinakili kinakosea kosea. Siku moja kinakosea, kinapata mkasi wenye umbo jingine. Hapo dawa haikwami tena, na mkasi unakata kama kawaida. Huo ndio usugu, na safari hii dawa ya kukuhamishia hapa kwetu hatuna."

"Nitameza," alisema Deodata.

"Na macho yako huenda yakawa ya manjano. Usiogope, ni dawa tu, si ugonjwa," alisema Nesi Twilumba, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa tayari anaita jina la mgonjwa mwingine.

Macho yakawa ya manjano kweli, na hapo ndipo Deodata alipoijua adha. Asubuhi Bibi Eusebia alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. "Leo yamezidi." Jioni akamgeuza tena. "Jana yalikuwa nafuu." Wakienda kanisani, bibi aliwahi kumwekea mtandio usoni. "Watu wanauliza kama tunakulisha."

"Mama, nesi alisema ni dawa."

"Nesi hakai na wewe mezani."

Juu ya hayo kikaja kiungulia. Mimba ilipokua, kifua cha Deodata kiliwaka moto. Kilimjia akila, kilimjia asipokula, kilimjia akiinama kwenye mashine yake ya kufumia. Kastori alimwona akijishika kifua, akatoka bila kusema kitu, akarudi kutoka duka la dawa na mfuko wa vile vidonge vyeupe vya kutafuna ambavyo watu wote huviita magnesium. Akauweka mezani, akasimama.

Vilimsaidia. Deodata alivitafuna kama karanga, asubuhi, mchana, na jioni baada ya dawa yake. Alipokwenda kliniki aliulizwa, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Akajibu hapana, na moyoni hakuwa anadanganya. Ile haikuwa dawa. Ilikuwa magnesium tu.

Polepole macho yake yakatakata, yakawa meupe. Kastori akafurahi, akaleta nyama. Waimbaji wa kwaya wakampa hongera. Deodata mwenyewe alijitazama kwenye kioo, akapumua, akasema afadhali, sasa nitaachwa nifanye kazi yangu.

Hakuachwa. Bibi Eusebia alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Kisha akasema, "Mbona yamekuwa meupe?"

Deodata aliweka chini uzi. "Mama, yakiwa ya manjano nina kosa. Yakiwa meupe nina kosa. Niyang'oe?"

"Usiniletee ujeuri. Dawa ilikuja na rangi yake. Rangi imeondoka. Sasa dawa iko wapi?"

"Naimeza! Kila siku naimeza, wewe mwenyewe unaniona!"

"Nakuona unameza. Simwoni Protasi anafanya nini. Vaa, twende kwa Twilumba."

Mnaona mambo hayo? Siku ya kliniki haikuwa imefika, manyunyu yalikuwa yananyesha, na agizo la masweta ya watu lilikuwa limekaa kwenye mashine nusu nusu. Deodata alikwenda akiwa amevimba kwa hasira, na njia nzima hakumsemesha mama mkwe wake.

Siku hiyo zahanati haikuwa na watu, na Nesi Twilumba alikuwa na nafasi ya kuwa yeye. Alimtazama Deodata macho, akavuta kiti. Dawa unameza saa ngapi? Unameza na chakula gani? Chakula nani kapika? Maji ya wapi? Umeruka siku? Umetapika? Umepewa miti shamba? Umepewa maji ya maombi? Dawa unaiweka wapi, juani au kivulini? Deodata alijibu, alijibu, mpaka sauti ikaanza kumpanda. Nesi naye hakuchoka. Alikaribia kumuuliza habari za mbuzi wa jirani. Kisha akamtazama mdomo.

"Na hapo unatafuna nini?"

"Magnesium."

"Tangu lini?"

"Tangu kiungulia. Si dawa, nesi, ni magnesium tu."

Nesi Twilumba alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Dada yangu, ile dawa ya mkasi inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke. Hiyo magnesium kazi yake ni kuiua tindikali. Unameza, sawa, lakini dawa yenyewe nyingi haiingii kwenye damu. Inapita tu, inatoka."

Akamtoa damu. Majibu yaliporudi, virusi vilikuwa vimeanza kupanda, na hakuna aliyejua kama mkasi ulikuwa umeshabadilika umbo au bado. Mimba ilikuwa kubwa. Deodata alilia pale pale kwenye benchi, na kilio chake kilikuwa cha hasira zaidi ya cha hofu. Mara hii hakuwa ameacha dawa. Hakuwa ameruka hata siku moja. Alikuwa amefanya yote aliyoambiwa, na bado mtoto wake alikuwa hatarini kwa sababu ya kitu kinachouzwa pamoja na peremende.

Magnesium ilipigwa marufuku, ila kifua hakikuambiwa. Kiliendelea kuwaka, na chakula kikipanda Deodata alitapika, na akitapika, dawa nayo ingetoka. Hapo sasa mumewe akaingia. Kastori alisikia habari yote akiwa amesimama mlangoni, akasikia nani aliyenunua ule mfuko, akauchukua, akaenda kuutupa chooni. Aliporudi alikuwa na matofali.

Aliinua kitanda upande wa kichwa, tofali juu ya tofali, mpaka kitanda kikawa mteremko. Jioni, jua likiwa bado lipo, alipika mwenyewe chakula kidogo kisicho na mafuta wala pilipili, akakaa kumtazama anavyokula, akamkataza kulala mara moja. Kiungulia kikija, alikaa nyuma yake awe egemeo. Yeye mwenyewe hakuweza kulala kwenye mteremko ule. Kila siku aliporomoka, na asubuhi alikutwa amejikunja miguuni pa mkewe na blanketi lote.

"Nimeolewa au nimejengewa?" aliuliza Deodata, akiwa anatetemeka kwa baridi.

"Kifua kinawaka?" aliuliza Kastori.

Kilikuwa hakiwaki. Na hilo lilimuudhi zaidi, kwa sababu alitaka kugombana na hakupata pa kuanzia.

Siku moja alikuwa anachambua viazi uani, mara Bibi Eusebia akapiga yowe. "Ya manjano! Yamerudi! Ya manjano!" Majirani wakaja mbio wakidhani nyumba inaungua, wakamkuta bibi anacheza, na mkwe wake ameketi kati ya viazi, macho kama kiini cha yai, hajui acheke au ajifiche. Damu ikapimwa tena, na virusi vilikuwa vimeshuka vizuri. Mkasi haukuwa umebadilika. Walikuwa wamewahi.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kutosha. Akapewa dawa yake ya maji, na ulipofika wakati wa kipimo cha kwanza, kikasema hana virusi. Vingine vitafuata mpaka aachishwe ziwa, lakini kile cha kwanza kilitosha watu kuchinja kuku.

Na kuku ndiye aliyeleta balaa. Katika ukoo wa akina Kastori kuna desturi. Siku ya kumshangilia mtoto, mama yake hushika sahani yenye firigisi ya kuku, akampa mtu anayemshukuru kuliko wote. Atakayekula firigisi ndiye atakayempa mtoto jina. Firigisi ni moja na haikatwi, kwa sababu wanasema ukiigawa, mtoto atakuwa mtu wa maneno mawili. Mpaka siku hiyo mtoto hana jina, huitwa Mgeni.

Deodata alisimama, sahani mkononi. Hakuwa amefika katikati ya chumba Bibi Eusebia alipokohoa.

"Mimi sijiombei," alisema bibi, "lakini nani aliona? Nyote mlimpa hongera ya macho meupe. Mngeendelea kumpa hongera mpaka Protasi ammalize. Nisingeona, nesi angeuliza nini, na mwanangu angejenga nini?"

"Shikamoo yako naiheshimu, mama," alisema Nesi Twilumba, "ila kuona rangi si kujua sababu. Uliniletea macho tu. Mimi ndiye niliyeuliza mpaka nikaifikia magnesium. Nisingeuliza, mngerudi nyumbani mkapigane na macho."

Kastori aliinamisha kichwa, kisha, kwa mara ya kwanza watu wakamsikia akitoa hoja. "Kujua sababu hakukuzima kifua. Angeendelea kutapika dawa. Mimi nilikizima." Akaongeza, "Na sijalala sawasawa tangu siku ile."

"Wewe?" Bibi Eusebia akamgeukia mwanawe. "Ule mfuko alinunua nani?"

"Na nani alimsumbua habari ya macho ya manjano," akajibu Kastori, "mpaka yalipokuwa meupe tukashangilia wote bila kuuliza?"

"Hilo ni kweli kabisa, mama," alisema Nesi Twilumba.

"Wewe nyamaza! Yote haya yangekuwepo kama ungemuuliza kiungulia mapema? Siku ile ya foleni maswali yako uliyaweka wapi?"

Nesi aliinamia sahani yake.

Mchuzi ulikuwa unapoa. Kila mmoja wa wale watatu alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa na doa, na kila mmoja aliliona la mwenzie vizuri sana. Ndipo jirani mmoja, Mama Chesko, aliyekuja kwa ajili ya kula na si kwa ajili ya kesi, akachoka.

"Hivi jamani," alisema, "na huyu mwenye mwili? Dawa alimeza nani?"

Wote wakamgeukia Deodata kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

"Alimeza, sikatai," alisema Bibi Eusebia taratibu. "Lakini kutafuna alitafuna nani?"

"Na nilipomuuliza kliniki kama kuna dawa nyingine," aliongeza Nesi Twilumba, "akaniambia hapana."

Hapo yakamfika Deodata shingoni. "Nilimeza! Nilimeza nikiwa natapika. Nilimeza huku mnanishika kidevu na kunigeuza kama mbuzi wa kununua. Sikuruka siku hata moja. Nikatafuna, ndiyo, nikatafuna, kwa sababu kifua kilikuwa kinawaka moto, na nyinyi nyote mlikuwa mnaniuliza macho! Mnataka shukrani? Nawashukuru. Bila mama ningekwisha, bila nesi ningekwisha, bila Kastori ningekwisha. Na mmenichosha, wote watatu, mmenichosha!"

Bibi Eusebia alipangusa macho kwa pembe ya khanga, na Kastori akatafuta kitu cha kutengeneza, asikione.

"Basi aile mwenyewe," alisema Mama Chesko.

"Mama mtu kujipa firigisi?" alisema bibi. "Haijawahi kutokea."

Basi hapo ndipo ilipo hadithi mpaka sasa. Deodata amesimama katikati ya chumba na sahani yake, mkono umeanza kumuuma, mafuta yameanza kuganda. Kushoto kwake yupo aliyeona, ambaye macho yake ndiyo yaliyomtesa. Mbele yake yupo aliyeuliza, ambaye swali lenyewe alichelewa kuliuliza. Kulia kwake yupo aliyetenda, ambaye alileta sumu na kinga kwa mikono ile ile. Na nyuma ya sahani yupo yeye, aliyemeza kila siku, akatafuna kila siku. Ukimwondoa yeyote kati ya hao wanne, mtoto asingesalimika.

Nawajua nyinyi. Tayari kuna mmoja hapo anataka kusema ikatwe vipande vinne. Nimeshasema haikatwi. Na mwingine anataka kusema apewe mtoto. Mtoto hana hata jino. Acheni ujanja, mjibu kama watu wazima. Je, wewe ungeamua vipi? Uamue upesi, maana mtoto ameamka kule ndani, analia, na hakuna anayejua ambembeleze kwa jina gani.